Silabi Chini ya Nota Yake

Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhiwa daftari la nyimbo za mwalimu mwenzetu aliyekwisha kufariki. Marehemu alifundisha Kiswahili na kwaya katika shule za mashariki mwa Uganda kwa muda mrefu, na nyimbo zake zote aliziandika kwa mkono, solfa juu na maneno chini. Binti yake alituomba tuupige chapa wimbo mmoja, ili kwaya za shule tatu ziuimbe pamoja siku ya kumkumbuka baba yake. Tulikubali bila kusita, tukidhani kazi hiyo ni ya jioni mbili tu.

Hatukuwa wageni wa kupiga chapa. Chuoni tulifundishwa kutumia taipureta na karatasi za stensili. Katika taipureta ya kawaida kila herufi hupewa nafasi sawa: "i" iliyo nyembamba huchukua upana ule ule wa "m". Kwa hiyo mwandishi wa solfa alihesabu nafasi, na silabi ikasimama wima chini ya sauti yake. Tabia hiyo tuliihamisha kama ilivyo hadi kwenye kompyuta. Rafiki yetu alitugeuzia solfa kuwa nota za mistari mitano. Tukaibandika picha yake katika ukurasa, tukaandika maneno chini yake, kisha tukayasogeza kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, hata kila silabi ikaonekana imetulia mahali pake. Tuliitazama kazi yetu tukaridhika.

Lakini kompyuta si taipureta. Katika fonti zake nyingi herufi hutofautiana kwa upana, na upana huo hubadilika kila fonti inapobadilika. Tulipeleka faili kwenye duka moja la uchapaji, na kompyuta ya huko haikuwa na fonti tuliyoitumia, nayo ikaweka nyingine iliyo nyembamba zaidi. Maneno yakajikusanya upande wa kushoto, ilhali nota, kwa kuwa zilikuwa picha, zikabaki pale pale. Hatukuzikagua nakala. Zilitoka dukani zikaenda moja kwa moja katika shule tatu.

Kiitikio cha wimbo kilikuwa na agizo ambalo marehemu alipenda kuwapa wanafunzi wake: "Tusimame barabara." Walimu wenzetu wanajua kwamba neno hili huandikwa namna moja na kubeba maana mbili. Shadda ikiwa juu ya silabi ya pili, maana yake ni sawasawa, imara. Ikiwa juu ya silabi ya tatu, kama ilivyo kawaida ya lugha yetu, maana yake ni njia kuu. Marehemu aliiweka silabi ya pili kwenye pigo la nguvu kwa makusudi. Katika karatasi zetu silabi ya tatu ilikuwa imeteleza hadi chini ya nota hiyo. Walimu wa kwaya, vijana ambao kwao Kiswahili ni lugha ya tatu, waliiamini karatasi. Basi watoto wakasimama mbele ya jamaa wa marehemu, wakaimba kwa sauti nzuri kabisa kwamba tusimame njiani. Mwisho wa mstari silabi ziliwaishia kabla ya nota, wakaikokota ile ya mwisho kama mzigo.

Waliokijua Kiswahili waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Binti wa marehemu hakucheka. Baadaye alitujia, akatuambia kwa upole, "Mwalimu, ule haukuwa wimbo wa baba."

Ingekuwa rahisi kulilaumu duka, lakini kosa lilikuwa letu. Tuliyaweka maneno karibu na nota bila kuyafunga nazo. Tuliuliza, tukaelekezwa kwenye programu iitwayo LilyPond, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, na ambayo hutolewa bure. Humo mwandishi hasogezi neno hata kidogo. Huandika nota kwa herufi za kawaida, kisha huandika maneno yaliyokatwa silabi kwa silabi, na kila silabi hufungwa na nota yake. Nota ikisogea, silabi huifuata. Silabi ya nota moja huwekwa katikati chini yake. Ile inayovutwa juu ya nota kadhaa huanzia ubavuni mwa nota ya kwanza, na mstari mwembamba huonyesha inapoishia. Alama za kupaza au kupunguza sauti, ambazo katika muziki wa ala hukaa chini ya mistari, katika muziki wa waimbaji hupandishwa juu ili zisigongane na maneno. Na ukurasa ukikamilika hutoka pamoja na fonti zake, hata duka lisiweze kuzibadili.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mashine haikutufanyia. Haijui kwamba "mtoto" ni silabi tatu, m-to-to, na kwamba ile "m" inastahili nota yake yenyewe. Wala kwamba "mwana" ni silabi mbili tu. Wala kwamba "tumbo" hukatwa tu-mbo, si tum-bo. Hayo huyakata mwalimu wa lugha. Akiyakata vibaya, mashine itayapanga makosa yake kwa unadhifu mkubwa.

Ndugu walimu, tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha ya pili rasmi nchini Uganda, lakini wanafunzi wetu wengi hawakisikii nyumbani. Kwao wimbo ndio kitabu cha shadda. Linaloimbwa vibaya darasani hukaa masikioni miaka mingi kuliko linalosomwa vibaya.

Tuliuandika upya wimbo ule kutoka daftarini, tukaukagua kila mstari kwa kuuimba sisi wenyewe kwa sauti, ndipo tukampelekea binti wa marehemu nakala ya kwanza kabla ya shule yoyote. Aliufuata kwa kidole, akiimba polepole. Alipofika kwenye kiitikio kidole chake kilitua juu ya silabi ya pili, akainua macho. "Hapa," alisema, "hapa ndipo alipokuwa akipiga mguu chini." Tulilichukua daftari, tukamwomba wimbo wa pili.