Bomba Fupi

Pikipiki ya kwanza niliyoijua kwa mlio kabla ya kuiona ilikuwa Yamaha DT ya bwana shamba wa tumbaku. Tukiwa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kule Ulowa, tunafunga majani kwenye vijiti, ule mlio mwembamba wenye makali ungesikika ng'ambo ya mbuga, na baba angesema, "Huyo anakuja, pangeni vizuri." Baada ya kitambo ndipo vumbi lingeonekana. Akishaegesha, sisi watoto tulikwenda kuchungulia bomba lake la moshi, jembamba mwanzoni, nene katikati, jembamba tena mwishoni, kama chatu aliyemeza mwanambuzi. Nilidhani ni pambo.

Miaka mingi baadaye, nikijifunza ufundi, ndipo nilipoelewa kwamba lile tumbo ni sehemu ya injini. DT ile ilikuwa ya stroku mbili, isiyo na valvu za kutolea moshi. Mafuta mapya huingia silinda wakati tundu la moshi bado liko wazi, kwa hiyo mengine hukimbilia nje kabla hayajawaka. Wimbi la mgandamizo linalosafiri ndani ya bomba hugonga pale mwisho panapobana, hurudi, na kuyasukuma mafuta yale ndani kabla pistoni haijaziba tundu. Aliyefanya kazi kubwa ya kulipima jambo hili katika miaka ya 1950 ni Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alitorokea Magharibi, akaenda Suzuki na maarifa yale, na mwaka 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50. Nikikumbuka mlio wa bwana shamba huwa nastaajabu jinsi ulivyokuwa na ukoo wa mbali.

Kisha zikaja za Kichina. Hapo kabla, abiria wa kwetu alibebwa na daladala, yaani baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. SanLG ziliibadilisha barabara ndani ya misimu michache. Zilikuwa za stroku nne, na injini nyingi za Kichina za namna hiyo zimeiga Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za barabara mbovu na matengenezo haba. Mlio wake ulikuwa mzito na mpole, wa kazi. Nilinunua yangu mwaka 2010 kwa malipo ya tumbaku. Mgodi wa Buzwagi ulikuwa umeanza kuzalisha mwaka mmoja kabla, Kahama ilikuwa ikifurika watu, na vijana wa machimbo kutoka Kakola na Masumbwe walikuwa wakilipa nauli bila kuuliza bei. Nao walipenda pikipiki yenye kelele.

Nikafunga bomba fupi. Lilikuwa la kung'aa, halina hata shibiri mbili baada ya kona, na ndani lilikuwa tupu. Jioni ile nilizunguka stendi mara nne bila abiria, kifua kimejaa. Niliamini kabisa kwamba nguvu imeongezeka, kwa sababu masikio yaliniambia hivyo.

Mchanga ndio ulionijibu. Nikiwa na marobota mawili ya tumbaku, sehemu ambazo zamani nilipita gia ya pili bila wasiwasi sasa nilishuka hadi ya kwanza na bado injini ilikoroma ikataka kuzima. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, bomba lilipiga kama bunduki. Fundi wangu, mzee wa maneno machache, alifungua plagi akanionyesha: nyeupe kama chaki.

"Mwanangu, umepanua pua ya kutolea pumzi, ya kuvutia umeiacha ilivyo."

Hewa ilikuwa nyingi na petroli haba, injini ikawa inawaka kwa joto kali. Akabadilisha jeti kubwa ya kabureta, akaweka gasketi mpya pale bomba linapoungana na injini, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ikivuta hewa, na milipuko ikapungua. Kwenye lami ya kwenda Isaka, mwendo ukiwa mkubwa, lilivuta vizuri, sitalisingizia. Lakini kule chini, kwenye mizunguko midogo ya injini, nguvu haikurudi. Kuna nukta ambapo valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi kidogo, na moshi unaotoka kwa kasi katika bomba lenye urefu na wembamba unaofaa huvuta hewa mpya nyuma yake. Bomba langu halikuwa na urefu wa kuvuta kitu. Injini iliyopangwa kubeba mizigo taratibu nilikuwa nimeipokonya pumzi ileile inayoihitaji.

Hata hivyo sikulitoa. Nililitoa baada ya usiku mmoja wa masika, nilipombeba shemeji yangu kwenda hospitali, uchungu umeshamkaza, na mama akiwa nyuma yake, mshikaki. Walinipigia kelele nisimame. Sikusikia. Mama alinigonga kofia kwa ngumi mara kadhaa ndipo nikageuka. Mtoto alizaliwa chini ya mwembe kando ya barabara, mikononi mwa mama, na wote wawili walikuwa salama. Asubuhi mama aliniambia maneno matano tu: "Nilikuita tangu kwenye daraja, baba."

Siku hiyohiyo nililirudisha bomba la zamani. Lilikuwa na kutu, nikampelekea mchomeleaji alizibe.

Sasa mimi ndiye fundi, na vijana huja na Boxer zao na ekzosi mpya kwenye mfuko wa plastiki. Siwafukuzi. Huwauliza wanabeba nini na wanapita wapi, nawafungia, nawabadilishia jeti, nawaambia warudi na plagi baada ya siku tatu. Mabomba yao ya awali sikubali wayauze chuma chakavu. Nayaning'iniza kwenye misumari ukutani, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa na marobota yakianza kutoka vijijini, huja mmojammoja kuyaulizia.