Debe Tupu Lililonyamaza

Sikupata kucheza kamari maishani mwangu, wala sitarajii kuicheza. Kamari kwetu ni haramu, na aliyelelewa Unguja katika nyumba ya chuo hahitaji kuelezwa zaidi. Karata ninazozijua mimi ni zile za barazani, baada ya alasiri, ambapo mshinde hulipa kwa kuchekwa tu. Walakini mfasiri hachagui sana kazi zinazomjia. Miaka michache iliyopita nilitiwa mkononi maandishi ya filamu juu ya mashindano ya karata ya Marekani, nami nikatakiwa niyatie katika Kiswahili.

Neno moja lilinikwamisha: neno la Kiingereza lenye maana ya kuweka dau kubwa hali huna kitu, ili mwenzio aogope akuachie. Kamusi iliniambia "kudanganya", nami sikutosheka, maana kudanganya kuna namna elfu. Waliyonipa jibu ni vijana wa mtaani: kuchimba mkwara. Nikaliandika. Na neno hilo likanifukulia jambo la zamani nililodhani nimekwisha kulizika.

Mchezo wenyewe huitwa poka. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha tano hufunuliwa mezani, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho, na baina ya hatua hizo watu huweka madau. Mwenye karata tano bora ndiye mshindi. Lakini wenzake wote wakitupa zao, aliyebaki huchukua chungu kizima bila ya kuonyesha alichonacho. Hapo ndipo mkwara unapopata nafasi.

Mwaka 2003, mjini Las Vegas, watu 839 waliingia katika mashindano makuu ya mchezo huo, kila kiti kikiwa na thamani ya dola 10,000. Mwishowe walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyekipata kiti chake kwa kushinda mchezo mdogo wa intaneti, na Sam Farha, mzaliwa wa Lebanon, ambaye karata ndiyo kazi yake. Mmoja angeondoka na dola milioni 2.5, mwengine na milioni 1.3.

Mezani zikafunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza. Ya nne ikawa nane ya shupaza. Farha, mwenye malkia wa shupaza na tisa ya kopa, alikuwa na jozi ya tisa, akaweka 300,000. Moneymaker akapandisha hadi 800,000, mfano wa mtu aliyekwisha kutimiza shupaza tano. Hakuwa nazo. Alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa, akingojea shupaza moja zaidi, au tano, au kumi ya kumfungia mfuatano. Ya mwisho ikatoka tatu ya kopa, isiyomfaa kitu. Farha akapita bila ya kuweka dau. Moneymaker akasukuma mezani vyote alivyokuwa navyo.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Siku ile debe tupu lilinyamaza. Moneymaker alikaa kimya kama jiwe. Aliyesema ni Farha, akimchokoa mwenzake apate dalili yoyote usoni. Hakuipata. Akatupa karata zake, naye ndiye aliyekuwa na mkono bora. Kamera zilizochungulia karata za siri ziliwaonyesha watazamaji wa televisheni, na baadaye Farha mwenyewe, kile alichokikimbia.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa kazi. Kwa msoma mashairi, hadithi ya Moneymaker ilikuwa na vina: kila dau liliafikiana na lililotangulia, na ubeti wake wa mwisho haukuvunja mizani. Lakini Farha alikuwa na hoja yake mkononi. Malkia wa shupaza akiwa kwako, basi hayumo kwa mwenzio. Na kila shupaza unayoishika wewe humpunguzia yeye njia za kuzitimiza tano.

Wajuzi wa mchezo hulipima jambo hili kwa hesabu. Chungu kina 100, mpinzani anaweka 100. Unalipa 100 ili upate 200. Ukiwa sahihi mara moja katika kila tatu, hujapata hasara. Kwa hivyo swali si "Je, huyu ananidanganya?" bali "Katika hali kama hii, mtu kama huyu hudanganya mara ngapi?" Na mashindano yana sharti lake zaidi: aliyekwisha kuishiwa hutoka. Wachezaji wakiwa wengi na zawadi zikipanda ngazi kwa ngazi, kile unachokipoteza kina uzito kuliko kile kile unapokipata, na mwenye busara hutupa karata ambazo pengine angezilipia. Wakibaki wawili, hesabu hunyooka tena. Moyo haunyooki nayo.

Sasa niseme la kwangu. Mjomba wangu alifariki akaniachia daftari la tungo zake, kwa herufi za Kiarabu, mkono wake mwenyewe. Mwaka 1993 alinijia mnunuzi wa maandishi ya kale. Alilifunua, akaniuliza utungo ule mrefu unahusu nini, kisha akasema: "Maalim, nakala nyengine nimeahidiwa bara. Boti yangu inaondoka kesho asubuhi. Ukikubali leo, hizi shilingi 40,000 zako. La, nitachukua ile."

Msomaji mpendwa, nami nilikuwa na malkia wangu wa shupaza. Mjomba aliwahi kuniambia kwamba hakumpa mtu yeyote daftari lile alinakili, kwa kuwa kijana mmoja alikwisha kujitia jina katika shairi lake. Na hadithi ya mgeni wangu ilivunja vina: aliyeahidiwa nakala ya utungo huuliza nini tena kuhusu maudhui yake? Hayo yote niliyaona pale pale. Lakini mama alikuwa kitandani chumba cha pili, na dawa zilikuwa zimekwisha. Nikapokea fedha.

Usiku nilimsimulia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwanangu, ulimuuliza hiyo nakala nyengine inaanzaje?"

Sikumuuliza.

Kwa miaka mingi niliyaita yale busara, na hesabu inanipa ushahidi nusu. Mtu asiyeweza kununua kiti cha pili hana budi kuogopa zaidi, na mgonjwa hangojei ukweli ubainike. Kama swali langu lingemkasirisha yule bwana akaenda zake, nisingekuwa na cha kumnunulia mama dawa kesho yake. Huenda nilifanya sawa. Linaloniuma ni kwamba sikupima. Niliogopa kwanza, kisha nikautafutia woga wangu jina zuri. Farha alishindwa, lakini alifikiri, alimchokoa mwenzake, na hatimaye alionyeshwa. Mimi mpaka leo sijui kama nakala ile ilikuwapo, wala daftari liko kabati la nani.

Mama alipona, akaishi miaka sita zaidi. Hilo nalo liwekwe katika chungu, upande wowote msomaji atakaopenda.

Kutoka daftari lile nimehifadhi beti kumi na moja, zile mjomba alizozoea kuniimbia tukirudi shamba. Zamani nilizificha kama alivyozificha yeye. Tangu nilipomaliza kazi ya filamu ile nimeziandika, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, jina lake likiwa juu, na kila kijana anayeniomba nakala nampa bila ya masharti. Ziko nyumba nyingi sasa. Akija mtu siku moja kumwambia mmoja wao kwamba anayo nakala nyengine, atakuwa anasema kweli.