Mumbai: Mji Ambamo Paa Hula Mshahara

Ndugu msomaji, hakuna mfanyakazi wa mjini asiyeijua hesabu ya mwisho wa mwezi. Mkono mmoja hupokea, na kabla ya juma kwisha mkono wa pili umekwisha kugawa: kwa mwenye nyumba, kwa mwenye duka, kwa mwalimu wa watoto, na kwa wazee waliobaki kijijini. Leo tuivushe hesabu hiyo ng'ambo ya Bahari ya Hindi, tuipeleke katika mji wa Mumbai, ambao ni miongoni mwa miji yenye gharama kubwa kabisa za maisha nchini India. Swali letu ni fupi: je, mshahara wa mwezi unamtosha mtu kuishi huko pamoja na mke na watoto?

Mji huu si mgeni masikioni mwetu. Hadi mwaka 1995 uliitwa Bombay, na kwa jina hilo mabaharia wa majahazi ya mwambao waliujua kwa vizazi vingi. Fedha yake, rupia, ndiyo iliyotumika hata Afrika Mashariki kabla ya shilingi kushika nafasi yake baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Neno letu "pesa" lilivuka bahari kutoka huko, na hata "laki" tunayoitumia katika kuhesabu ni ya Wahindi. Basi tukihesabu kwa rupia, hatutoki mbali sana na nyumbani.

Kwanza yafaa kuutazama mji wenyewe ulivyokaa, maana ugumu wa maisha yake unatokana na umbo lake. Mumbai ulianza kama visiwa saba vidogo, vikaunganishwa polepole kwa kufukia bahari. Mwaka 1668 mfalme wa Uingereza aliikodisha Kampuni ya India ya Mashariki visiwa hivyo vyote kwa pauni 10 kwa mwaka. Leo pauni kumi hazikupi hata chumba kizuri kwa mwezi mmoja. Ardhi ni nyembamba kama ulimi; magharibi ni bahari, mashariki ni hori na bandari. Mji hauna pa kukua isipokuwa kuelekea juu kwa maghorofa, au kaskazini kufuata reli. Katika sensa ya mwaka 2011 walihesabiwa watu milioni 12.4, na zaidi ya wawili katika kila watano wao waliishi katika vitongoji vya mabanda. Wengi wa hao si watu wasio na kazi. Ni madereva, makarani, mafundi cherehani, walinzi na wauzaji wa madukani. Kazi wanayo, kilichowashinda ni nyumba.

RELI NI ORODHA YA BEI

Ukitaka kuelewa kodi za nyumba za Mumbai, huna haja ya kumwuliza dalali. Panda treni katika stesheni ya Churchgate, kusini kabisa mwa mji, uelekee kaskazini. Kila stesheni unayoipita, kodi hupungua, na saa za kusafiri huongezeka.

Karibu na Churchgate yako maofisi, mabenki na majumba yanayotazama bahari. Mfanyakazi wa kawaida huja hapa asubuhi na kuondoka jioni. Kulala hapa si jambo analoliwaza. Baada ya stesheni kadhaa unafika Lower Parel. Hapa, msomaji, ushuke kidogo, kwani hapa ndipo ilipokuwa Mumbai ya viwanda vya nguo. Viwanda vya pamba vilianza katika miaka ya 1850, na maelfu ya wanaume wakaja kutoka mwambao wa Konkan na nchi za bara. Walikaa katika nyumba ndefu za ghorofa ziitwazo chawl: ujia mmoja wa mbele, vyumba vimejipanga kama mabehewa, na vyoo vya kutumiwa na wote mwishoni. Chumba kimoja kilikuwa cha familia nzima, au cha wanaume wengi waliolala kwa zamu kama walivyofanya kazi kwa zamu. Nyumba hizo zilibana, lakini zilikuwa karibu na kazi. Mtu alisikia king'ora cha kiwanda akatoka kwa miguu.

Mwezi wa Januari mwaka 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 wa viwanda hivyo waligoma wakiongozwa na Datta Samant, wakidai mishahara iliyo bora. Mgomo uliendelea kwa zaidi ya mwaka mzima bila mafanikio, na viwanda vingi havikuinuka tena. Leo penye baadhi ya viwanja vile pamesimama maduka makubwa na minara ya fahari. Mahali alipotoka jasho mfuma nguo, mjukuu wake anaweza kuwa mlinzi wa mlangoni, naye akaja kazini akitoka mbali sana.

Endelea na safari. Dadar, Bandra, Andheri: hapa bado ni ghali. Chumba kimoja na jiko katika jengo la kawaida la Andheri mara nyingi hakipungui rupia 20,000 kwa mwezi, na nyumba ya chumba cha kulala na sebule huweza kufika 40,000 au kupita. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba hutaka amana ya kodi ya miezi kadhaa, na dalali hutaka chake, ambacho aghalabu ni kodi ya mwezi mmoja. Mkataba huwa wa miezi 11, kisha mazungumzo yanaanza upya. Katika majengo ya zamani upo utaratibu mwingine uitwao pagdi: mpangaji hutoa fedha nyingi kwa mara moja, kisha hulipa kodi ndogo sana kwa miaka mingi. Neno hilo maana yake ni kilemba, na sisi nasi fedha za namna hiyo twaziita kilemba. Kumbe hata mzigo una jina moja pande zote mbili za bahari! Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa babu waliowahi. Kijana anayefika leo hana fedha za kuupitia.

Baada ya Borivali na Mira Road treni inavuka hori la Vasai, na hatimaye unafika Nalasopara na Virar, yapata kilomita 60 kutoka Churchgate. Hapa ndipo mshahara mdogo unapopata pumzi. Nyumba ndogo ya kupanga hupatikana kwa rupia 6,000 hadi 10,000.

TUPIGE HESABU

Sasa tuchukue karatasi na kalamu. Sheria ya kima cha chini katika jimbo la Maharashtra humpa mfanyakazi asiye na ujuzi, kwa kazi nyingi, kati ya rupia 12,000 na 16,000 kwa mwezi. Kwa India nzima wastani wa mapato ya mwenye ajira ya mshahara ulikuwa rupia 20,000 na ushei katika mwaka 2023-24. Sisi tumpe mtu wetu wa mfano zaidi ya hapo: karani wa rupia 30,000, mwenye mke na watoto wawili, anayeishi Virar.

Kabla fedha hazijamfikia, mfuko wa akiba ya uzeeni unakata asilimia 12 ya mshahara wake wa msingi. Tuseme msingi huo ni 15,000. Basi zinakwenda 1,800. Jimbo nalo linakata kodi ya kazi rupia 200. Anapokea mkononi 28,000.

Kodi ya nyumba, 8,000. Mchele, unga wa chapati, dengu, mboga, mafuta na viungo, 8,500. Maziwa lita moja kwa siku, 1,800. Mtungi mmoja wa gesi ya kupikia, ambao mwaka 2025 uliuzwa kati ya rupia 800 na 900, tuandike 850. Umeme, maji na simu, 1,800. Ada na madaftari ya watoto, 3,000. Riksha hadi stesheni, 1,000. Tikiti ya treni ya mwezi mzima, daraja la pili, kiasi cha 300. Dawa, 800. Wazee kijijini, 2,500.

Jumlisha, ndugu msomaji. Ni rupia 28,550. Mtu wetu ana upungufu wa rupia 550, na bado hatujanunua nguo wala viatu, hatujachangia harusi wala msiba, wala mtoto hajaugua homa za masika. Na huyu ni mwenye bahati kuliko wengi. Mhamishe Andheri kwenye chumba cha 20,000, abaki na 8,000 za kila kitu kingine, hesabu haiwezekani. Mwenye kima cha chini ndiyo kabisa; yeye huishia katika chumba cha mabandani, ambako nako kodi hulipwa.

Tazama vizuri orodha ile. Nauli ya treni ya mwezi mzima ni ndogo kuliko maziwa ya siku sita. Reli hii, iliyoanza kwa treni ya kwanza ya abiria India mwaka 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, ndiyo inayoufanya mshahara wa Mumbai ufike popote unapofika. Lakini upo upande wa pili wa bei hiyo. Kutoka Virar hadi Churchgate na kurudi, pamoja na kungoja na kutembea, huchukua kama saa nne kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni saa 100: siku nne nzima, usiku na mchana, kila mwezi, mtu amesimama bega kwa bega na wenzake. Wengine huning'inia mlangoni kwa kukosa nafasi. Mwaka 2023 zaidi ya watu 2,000 walipoteza maisha katika reli za mji huo, wengi wao kwa kuanguka au kugongwa wakivuka njia. Kwa hiyo kodi ya Virar si rupia 8,000. Ni rupia 8,000 pamoja na saa 100, pamoja na hatari ya roho.

MKONO WA PILI

Ni nani anayeziba pengo lile la rupia 550? Mara nyingi ni mama wa nyumba. Tangu enzi za viwanda wanawake wa Mumbai waliwapikia kwa malipo wanaume walioacha familia zao vijijini. Mwaka 1975 Prema Purao aliwakusanya wapishi hao katika chama cha Annapurna Mahila Mandal, ili wapate mikopo na wasinyonywe na wakopeshaji wa mitaani. Kabla yao, mwaka 1959, wanawake saba wa mtaa wa Girgaum walianza kutengeneza papadi kwa mkopo wa rupia 80. Ushirika wao, Lijjat, umekua ukawa na wanachama zaidi ya 40,000. Wengi wao hufanya kazi nyumbani, na faida ni ya wenye ushirika wenyewe.

Wapo pia wanaotoka kwenda maofisini. Kwa ajili yao ilianzishwa mwaka 1992 treni ya wanawake watupu kati ya Churchgate na Borivali. Ukipita jioni katika mabehewa ya wanawake utawaona wengine wakichambua mboga na kumenya maharage mapajani, ili wakifika nyumbani jiko lisichelewe. Hapo utafahamu kwamba zile saa 100 hazimchukui baba peke yake. Mama huzitoa pia, kisha huanza zamu ya pili jikoni.

Na wapo wanaosaidia shilingi isitoke ovyo. Wachukuzi wa chakula wa Mumbai, wanaoitwa dabbawala, walianza kazi yao mwaka 1890. Hubeba mikebe ya chakula kutoka nyumbani hadi ofisini, ili mfanyakazi ale chakula cha kwao badala ya kulipa hotelini. Tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020 idadi yao imepungua sana, lakini kofia zao nyeupe bado huonekana stesheni. Asiye na mkebe hununua vada pav, yaani kachori kubwa ya viazi ndani ya mkate mdogo, kwa rupia 20 hivi, akashiba hadi jioni.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mshahara wa mtu mmoja, peke yake, hauitoshi familia katika Mumbai. Unatosha pale unaposaidiwa na reli ya bei nafuu, na mapato ya mkono wa pili, na saa za mapumziko ambazo watu wazima wa nyumba hiyo wamezitoa bila kulipwa. Kinachokosekana katika fedha hulipwa kwa usingizi, na kwa watoto ambao humwona baba yao wakiwa wamelala.

Wako ndugu zetu wanaokwenda mji huo kusoma, kufanya biashara au kumsindikiza mgonjwa hospitalini. Kwao, na kwa yeyote anayepewa kazi katika mji wowote mkubwa, shauri ni moja. Usiulize kwanza mshahara ni kiasi gani. Uliza utalala wapi, amana ni ya miezi mingapi, na kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kazi ni saa ngapi. Ukishazijua hizo, zihesabu saa nazo kama unavyohesabu rupia, kisha keti na mwenzako wa nyumbani mwamue pamoja.