Ni Nani Aliyeiwasha Jeni Hii?

Leo naweka kando PHP na hifadhidata, tuzungumzie programu ya kale kabisa: ile iliyomo ndani ya seli.

Karibu kila seli mwilini ina DNA ile ile. Ya ini na ya ngozi zimebeba maagizo sawa, jeni 20,000 hivi za kutengeneza protini. Mbona basi moja ikawa ini na nyingine ngozi? Ni kwa sababu hazisomi kurasa zile zile. Binadamu ana protini za aina 1,600 hivi ambazo kazi yake ni kushika DNA mahali maalum na kuamua jeni ipi isomwe, ipi inyamaze. Sisi waandishi wa programu tungeziita masharti: hili likitimia, endesha lile.

Mojawapo ni MYC, inayoiamuru seli ikue na kugawanyika. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alitumia protini nne, MYC ikiwemo, kuzirudisha seli za panya zilizokomaa katika hali kama ya kiinitete. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza saratani inayovimbisha taya za watoto. Iko hata huku Kenya, hasa sehemu zenye malaria nyingi kama kando ya Ziwa Victoria. Huanzia kwenye chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Mwaka 1982 watafiti walionyesha kinachotokea: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC hukatika, na mara nyingi hubandikwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na swichi ya jeni za kingamwili. Katika chembe hizo swichi hiyo huwa imewashwa. Basi MYC nayo haizimiki, na seli hugawanyika usiku na mchana.

Hapo ndipo ninapostaajabu. Balaa haianzii kwenye maagizo yenyewe, bali pale yalipobandikwa. Aliyewahi kukesha akitafuta kosa katika programu ananielewa: usisome tu kipande kinacholeta fujo, uliza pia ni nani anayekiita.

Jambo la kutia moyo ni kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi hivyo hushambuliwa vizuri na dawa, na watoto wengi hupona wakitibiwa mapema. Kwa hivyo mtoto akivimba taya, usiseme ni jino tu. Mpeleke hospitali.

Haya, tuonane wiki ijayo.