Safari Yetu ya Deptford

Tulipokuwa London tulikwenda Deptford, mtaa ulio kando ya mto Thames, upande wa kusini. Kanisa la huko, la Mtakatifu Nikolao, lina mafuvu ya jiwe juu ya nguzo za lango lake, hatukuyapenda. Lakini hatukwenda kutazama mafuvu. Jirani pana shule ya watoto wadogo iitwayo Rachel McMillan, na habari zake ndizo tulizozifuata.

Zamani mtaa huu ulijaa maskini. Sheria ya mwaka 1907 iliamuru watoto wa shule wakaguliwe na daktari, bali kuwatibu haikulazimisha. Basi mama aliambiwa ugonjwa wa mwanawe, akaachwa nao. Margaret McMillan na dada yake Rachel hawakuridhika. Mwaka 1908 ilifunguliwa zahanati ya watoto huko Bow, na mwaka 1910 hapa Deptford, kwa fedha za Joseph Fels, tajiri wa sabuni. Watoto wakaletwa wenye meno mabovu, masikio yatokayo usaha, macho mekundu, na mapunye.

Wakatibiwa, wakapona, kisha wengi wakarudi na maradhi yale yale. Dawa haikuwa na kosa. Mtoto alikuwa akirudi katika chumba kile kile, chenye watu wengi, kisicho na jua wala hewa. Hapo tulinyamaza kidogo, maana sisi walimu wa dini tumewakemea mama wengi kwa uchafu wa watoto wao, wala hatukuuliza kisima ki umbali gani.

Mwaka 1911 akina dada hao wakaanza kuwaogesha wasichana jioni na kuwalaza nje, uani mwa zahanati. Mwaka 1914 wakafungua shule ya watoto wasiotimiza umri wa kusoma: mabanda yaliyo wazi, bustani, maji ya kuoga, chakula, na usingizi wa mchana. Matege yalikuwa mengi siku zile. Leo twajua ya kuwa jua huusaidia mwili kufanyiza vitamini D iimarishayo mifupa, nalo jua halikufika vichochoroni.

Rachel alifariki mwaka 1917, na Margaret akaipa shule jina la dada yake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1931.

Tulisimama nje ya ukuta tukisikia kelele za watoto bustanini. Karibu na saa sita zikanyamaza ghafula. Tukadhani wameitwa kula.