Uwanja wa Barafu Katikati ya Mji

Desemba 2019 nilikwenda New York kumwona dada yangu, ambaye ni muuguzi huko. Mama yetu alikuwa amenituma neno zito: mjukuu arudishwe nyumbani alelewe na bibi yake, kwa maana mama yake hufanya kazi za usiku, na mtoto asije akakua kama kuku asiye na mwenyewe.

Siku ya pili mtoto mwenyewe, mwenye miaka 9, akaniambia, “Mjomba, twende kwenye barafu.”

Bryant Park ni bustani iliyo nyuma ya maktaba kubwa ya mji, kati ya majumba marefu. Wasomaji wasidhani kwamba barafu ile huanguka kutoka mbinguni. Chini yake yamelazwa mabomba yenye maji ya dawa yasiyoganda, nayo hupozwa kwa mashine. Juu humwagwa maji, tabaka juu ya tabaka, mpaka uwanja wa futi za mraba 17,000 unakuwa kama kioo. Na chini zaidi, ardhini, zimo ghala za vitabu vya maktaba! Miaka ya 1970 bustani hiyo ilikuwa pango la wauza dawa za kulevya. Ilifungwa 1988 ikatengenezwa, ikafunguliwa tena 1992. Uwanja wa barafu ulianza 2005. Kiingilio ni bure kwa aliye na viatu vyake. Asiye navyo hukodi, na kodi yenyewe si ndogo (niliacha kuigeuza kwa shilingi). Kandokando kuna vibanda vya wachuuzi: mishumaa, kofia za sufu, chokoleti ya moto. Sikununua kitu.

Mtoto akanishika mkono. “Kunja magoti kidogo, mjomba. Usitazame miguu.” Nami niliyesomea ualimu sijaona mwalimu mvumilivu namna ile. Mtoto mmoja mgeni akaanguka mbele yetu, huyu wetu akamwinua, akamwambia, “Pole.” Neno hilo alilipata wapi, kama si kwa mama yake anayerudi alfajiri?

Usiku ule dada akaniuliza, “Mama amekutuma nini?” Nikamweleza yote bila kuficha. Akanyamaza, akavaa koti, akaenda kushika zamu yake.

Niliporudi nilimwambia mama kwamba mtoto ana afya na adabu, na kwamba mimi sikubali atolewe kwa mama yake. Hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza viatu vile vya barafu huuzwa bei gani.