Ziwani Hakuna Kupwa na Kujaa

Mume wangu ni sajini wa polisi, na sehemu kubwa ya utumishi wake ameipitisha ndani ya mashua za doria katika Ziwa Victoria. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba mtu niliyemwona akichukuliwa na maji asubuhi moja ya Julai 2023, huko Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, alikuwa mgeni wa maji. La hasha! Kuogelea anajua, na upepo anaufahamu. Hapo ndipo ilipoanzia taabu yetu.

Likizo hiyo tuliiwekea akiba miaka minne. Tulipanda basi Kampala, tukavuka mpaka Mutukula, tukashuka Dar es Salaam miguu imevimba, kisha tukashika meli hadi Unguja na daladala hadi Paje. Mwanetu, kijana wa miaka 15, alikuwa na shauku moja tu: kupanda ubao wenye tanga. Baba yake akamwahidi kumfundisha yeye mwenyewe, ijapokuwa chombo hicho hakuwahi hata kukigusa. Nyumba za askari zinazifahamu ahadi za namna hii. Baba arudiye nyumbani mara mbili kwa mwaka hutaka kulipa deni lote kwa siku moja.

Mahali penyewe pamejaaliwa. Miamba ya matumbawe imejipanga mbali na ufuko, mwendo wa kilomita moja na zaidi, na mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huvunjikia huko. Ndani ya miamba maji hutulia juu ya mchanga mweupe. Tangu Juni hadi Septemba huvuma kusi, na tangu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Katika majira hayo upepo wa alasiri aghalabu hufikia maili za baharini 15 hadi 20 kwa saa, nao hupiga kwa ubavu ukisukuma kuelekea nchi kavu. Mwanafunzi akianguka, hurudishwa ufukoni. Wale watelezao juu ya mawimbi kwa ubao usio na tanga hupelekwa kwa mashua hadi mwambani, nao sharti wawe mafundi, kwa maana matumbawe hukata kama wembe.

Tulikodi ubao siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kijana aliyetukodishia alitushauri tungoje alasiri. Mume wangu akayatazama maji, akayaona shwari, akasema upepo mdogo wa asubuhi ndio umfaao mwanafunzi. Kwa ziwani alisema kweli. Yapata saa mbili akaingia majini, atangulie yeye ili mtoto aone.

Alianguka mara sita, nasi tukacheka. Mara ya saba akasimama, tanga likashika upepo, akaenda. Alikwenda vizuri mno! Mwanetu akapiga makofi. Kisha nikaona kwamba hageuki.

Asubuhi, katika majira ya kusi, upepo huweza kuelemea upande wa kutoka nchi kavu. Juu ya hayo maji yalikuwa yakikupwa kwa nguvu za bamvua, yakikimbilia mlango ulio katika mwamba, na mkondo uelekeao huko una kina. Mtu asiyejua kubisha hana njia ya kurudi. Alipoliangusha tanga apumzike, ubao uliendelea kwenda naye. Ile ngurumo ya mwambani, ambayo tangu tulipofika nilikuwa nikiisikia kama muziki, sasa ilinikata maini.

Bibi mmoja aliyekuwa akishuka kwenda shambani kwake kwenye mwani aliniona nimeshika kichwa. Hakuniuliza jambo. Alipiga ukelele, sauti ikapokewa na wenzake waliokuwa mbele zaidi, hata ikaifikia ngalawa ya mzee mmoja mvuvi. Mzee huyo akaliinua tanga lake bila haraka (haraka hiyo nilikuwa nayo mimi) akamfuata. Alimkuta amelala kifudifudi juu ya ubao, ameushika kwa mikono miwili. Kwamba hakuuacha ubao aogelee ndiko kulikomwokoa. Kichwa cha mtu peke yake baharini si rahisi kukiona.

Waliporudi, mume wangu alisema, "Shikamoo, mzee," kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Marahaba, mwanangu. Upepo uliutazama. Na maji je?"

Hakujibu. Alimgeukia mwanawe akasema, "Nimekosea." Nimeolewa naye miaka 17, na neno hilo sikupata kulisikia mbele ya mtoto.

Jioni ile alikaa na mzee barazani, daftari la kazi magotini, akiandika: maji hukupwa kwa saa sita hivi na kujaa kwa saa sita, kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na hapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kesho yake hatukuingia majini hadi saa tisa alasiri, maji yakijaa na kusi ikisukuma kuja kwetu. Yule kijana ndiye aliyemfundisha mwanetu, mbali na kamba za mwani za akina mama. Mume wangu alisimama katika maji ya kiunoni, ameushika mkia wa ubao, akiuliza kila mara, "Niachie sasa?"

"Bado, baba," mtoto alimjibu. "Bado kidogo."